Bakuli la Wastaarabu

Siku hizi mjini kuna mlo wa wastaarabu: wali kiduchu chini, boga na karoti za kuoka juu, kisha rojo la parachichi lililolainishwa kwa mtindi. Bei yake usiulize ukiwa na njaa. Sisi wa Ibighi, huku Rungwe, tunatazama tu. Mchele ni wa Kyela, kwa jirani zetu. Parachichi ni la Rungwe, ndugu wa yale ya Hass yanayopanda meli kwenda Ulaya. Maziwa nayo yanakamuliwa hapa hapa Tukuyu. Kumbe tulichopungukiwa ni bakuli na kupiga picha! Basi mheshimiwa, kula, kitapoa. Ila ukikutana na mnunuzi wa parachichi, mwambie bei ya mkulima nayo ipande meli.