Moodle kwa Wasiojaliwa: Mhadhara wa Bingwa

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, wakuu wa idara, walimu wenzangu, na nyinyi wawili mliong'ang'ania soketi ya umeme kule nyuma: itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie mfumo wa kufundishia mtandaoni uitwao Moodle. Barua ya kuniomba niliiandika mwenyewe, Mkuu akaitia saini, maana hapakuwa na mwingine wa kuombwa. Katika chuo hiki ni mimi peke yangu ninayeikumbuka nywila yangu, na hata nikiisahau imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta ya ofisini. Yeyote apitaye huweza kunisomea.

Nianze na historia, kwa sababu msomi asiye na historia ni fundi tu. Mfumo huu ulibuniwa na Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyekulia nyikani huko Australia Magharibi, mbali na shule, akasoma kwa redio ya masafa mafupi. Mwalimu yuko mjini, mtoto yuko jangwani, wanasikilizana hewani. Toleo la kwanza alilitoa Agosti 2002, na mpaka leo leseni yake ni bure. Kinacholipiwa ni seva, umeme, na wataalamu wa kiwango changu.

Habari hiyo ya redio huwasisimua sana watu. Mimi haikunishtua. Mwaka 1973 hapa Tanzania kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi, redio katikati, vijitabu mkononi, wakasikiliza somo la malaria na kichocho, wakabishana, kisha wakainuka wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyeombwa nywila. Dougiamas naye aliujenga mfumo wake juu ya imani kwamba watu hujifunza vizuri wanapojenga maarifa pamoja kwa kuzungumza. Ni imani nzuri, nami huheshimu imani zote. Ila kwenye kozi yangu jukwaa la majadiliano nimelifunga. Wanafunzi walianza kuulizana maswali, wakajibizana wenyewe kwa wenyewe, na majibu, nasikitika kusema, yalikuwa sahihi. Hali hiyo ikiachiwa, mwalimu atakuwa na kazi gani?

Tuingie kwenye vitendo. Jambo la kwanza ni kupakia madesa. Ya kwangu yalipigwa kwa taipureta, yakatolewa kopi, kopi ikatolewa kopi, na sasa yameskaniwa ukurasa kwa ukurasa, baadhi yakiwa yamelala kidogo upande wa kulia. Huo ndio ufundishaji wa kidijitali. Faili likikataa kupanda, usijilaumu. Mfumo umeandikwa kwa lugha ya PHP, ambayo seva isiporekebishwa hugomea faili lolote linalozidi megabaiti 2, na sura yangu ya kwanza peke yake ina 60. Kijana wa TEHAMA alinishauri niyachape upya. Nikamuuliza ana shahada ngapi.

Ukishapakia, utaona alama ya jicho. Jicho likipigwa mstari, wewe unakiona ulichopakia lakini mwanafunzi hakioni. Watu huidharau alama hii kwa kutoijua kazi yake. Mimi nilifundisha muhula mzima jicho likiwa na mstari, na sikupata lalamiko hata moja kuhusu ubora wa madesa yangu. Wanataaluma wengine huliita jambo hilo tatizo. Mimi naliita usalama wa taarifa.

Sasa nafika kwenye eneo nililolifanyia utafiti wa kina, yaani saa. Mfumo huhesabu saa 24, kuanzia usiku wa manane, wakati binadamu mwenye akili timamu huanza kuhesabu jua linapochomoza. Niliwatangazia wanafunzi wangu jaribio la saa tatu asubuhi, nikaingia kwenye mfumo nikaandika 3:00, kama ambavyo angeandika mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Mfumo ukalifungua jaribio saa tisa usiku, ukalifunga saa kumi. Darasa zima, waliolifanya ni wawili: mama mwenye mtoto mchanga, na kijana anayelinda ghala la mbolea. Wote wawili walipata A. Kutokana na ushahidi huo ninaandaa makala ya kisayansi kuhusu faida za kupima akili kabla ya adhana ya alfajiri. Wale waliobaki walikuja ofisini saa tatu asubuhi wakachomeka kompyuta mpakato zao kwenye soketi yangu, wakilia kwamba jaribio limefungwa. Niliwaambia wasome maelekezo. Wakauliza yako wapi, nikasema yako kwenye madesa. Wakaniuliza, mbona hatuyaoni? (Rejeeni hoja ya jicho.)

Kitabu cha alama nitakigusa kidogo tu, kwa kuwa kinataka hesabu na mimi ni mtu wa fasihi. Jueni kwamba mfumo ukiachwa ulivyoletwa, kazi ambayo mwanafunzi hakuipatia alama haihesabiwi kabisa. Aliyefanya kazi moja kati ya tano akapata 90, jumla yake inasoma 90. Aliyefanya zote tano, akakesha, akanunua bando kwa hela ya chakula, anasoma 64. Kuna kisanduku cha kubofya ili zilizokosekana ziwe sifuri, lakini kukitafuta ni kazi ya makarani. Matokeo yangu yalipofika kwenye bodi ya idara, wajumbe walisimama wakapiga makofi. Ufaulu wa namna ile haujawahi kuonekana. Yule wa 64 alipokuja kuuliza, nilimshauri mwakani apunguze bidii.

Mwisho kabisa ni kumbukumbu. Mfumo huandika kila anayeingia, ameingia lini, amefungua nini, ametoka wapi. Ni silaha kali. Kwa silaha hiyo nimewakamata wanafunzi wasiofungua madesa yangu, wote bila kubakiza hata mmoja, na nimewaandikia barua za onyo. Bahati mbaya mkuu wa idara naye anaweza kuisoma. Aliniita, akanionyesha jina langu, akaniuliza mbona kozi ina muhula mzima na mwalimu ameingia mara chache kuliko mlinzi wa ghala. Nikamfafanulia, kwa upole, kwamba mwalimu wa ngazi yangu haingii kwenye mfumo. Anakuwepo.

Naona muda hauko upande wetu na chai imeshawekwa. Maswali yapelekwe kwenye jukwaa la majadiliano, nitakapolifungua. Kijana wa TEHAMA ametengeneza fomu ya mahudhurio ya mtandaoni, anasema ukiijaza jina lako linakwenda moja kwa moja kwa mhasibu. Msiiguse. Karatasi ya posho iko meza ya kushoto, majina kwa herufi kubwa, saini kwa kalamu ya bluu, na mstari wa kwanza uachwe wazi kwa ajili ya mtoa mada.