Muulize Bibi Michongoma: Jirani Kafungua Biashara

Wajukuu zangu, barua za wiki hii karibu zote zina kilio kimoja: kuna mtu kahamia jirani, na kaja na biashara yake. Sishangai. Babati ni njia panda. Ukitoka Arusha ukafika hapa, lazima uamue: ushike ya Singida au unyooshe Kondoa hadi Dodoma. Wengi huamua. Wachache hushuka kula kwanza, wakaona Ziwa Babati upande huu na Mlima Kwaraha upande ule, na mwaka unaofuata wana fremu. Manyara ilipomegwa kutoka Arusha 2002, Babati ikawa makao makuu ya mkoa, wakaja watumishi. Lami ya kutoka Dodoma, kilometa 251, ilipozinduliwa 2018, wakaja waliobaki.

Ndiyo maana mgeni wa Babati siku hizi humpi jembe siku ya tatu. Siku ya tatu yeye ndiye anakuuzia jembe.

Mimi mwenyewe nina jirani mpya, lakini safu hii ni ya matatizo yenu, si yangu. Tuendelee.

*Bibi, shikamoo. Miaka sita nakopa kwa Mangi wa kona. Mwezi jana, mlango wa pili kutoka kwangu, kafungua duka mama mmoja mchangamfu. Ana mkate wa moto na chenji haikosekani. Natamani tufahamiane, ila kila nikitoka Mangi ananiona. Nifanyeje?*
*Mwenye Daftari, Maisaka*

Marahaba, mjukuu wangu. Tuelewane kwanza: hukukaa kwa Mangi miaka sita kwa mapenzi. Umekaa kwa sababu ya ukurasa wa daftari. Kila ukiwaza kuhama unakumbuka jumla, unarudi kununua kiberiti.

Zamani ungenunua kwa mama na kupita mbele ya Mangi na rambo nyeusi, asijue umebeba mkate au kiatu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wenzangu walifikiria mazingira. Mimi niliwafikiria nyie mnaonunua maduka mawili. Sasa mkate unabebwa mkononi kama Mwenge wa Uhuru, na huu ndio mji uliofanya kilele cha mbio za Mwenge Oktoba 2023. Watu wa hapa wamezoea kutazama kinachobebwa juu.

Fanya hivi. Nenda kwa Mangi na taslimu, punguza deni, hata nusu. Wakati anahesabu, mwambie mwenyewe: "Mangi, tumepata jirani pale." Jambo ukilisema wewe ni habari, akilisema muuza karanga ni umbea. Kisha nenda kwa mama, ununue kile ambacho Mangi hana, yaani huo mkate. Mara tatu za kwanza lipa papo hapo, na daftari lake usiliulizie hata kama umeliona juu ya friji.

Na tafadhali, usiombe punguzo la ujirani. Mtu kahamia juzi, mtaji wake huenda ni mkopo wa kausha damu, usiku analala akihesabu marejesho, halafu salamu yako ya kwanza iwe "nipunguzie, mimi jirani yako"? Huyo utakuwa umemjulisha jirani, kweli, lakini jirani wa namna gani.

*Mama, mimi ni mkulima. Jirani yangu mpya ananunua mbaazi. Ana stoo na mizani. Kila asubuhi ananiita "mzee wangu" na kuuliza shamba linaendeleaje. Mke wangu anasema ni mtu wa watu. Mimi naona anapima magunia kwa macho. Nimkaribishe chai, au nisubiri niuze kwanza?*
*Mwenye Ekari Nne, Bonga*

Mzee mwenzangu, hofu yako ina historia. Mbaazi huku tunaipanda katikati ya mahindi, mahindi yanavunwa, mbaazi yenyewe inabaki imesimama, na nyingi soko lake ni India. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi za kuingia kwao. Bei huku ikaporomoka, na kuna nyumba zilizokula mbaazi mpaka watoto wakauliza kama Krismasi nayo itakuwa mbaazi. Tangu hapo mkulima wa Manyara akiona mtu mwenye mizani, huona India nzima imesimama mlangoni.

Lakini jirani yako si India. Bei anayokutajia naye kaipokea kwa simu kutoka kwa mtu mwingine, na huyo kaipokea kwa mwingine. Mkaribishe chai. Tena mkaribishe sasa, kabla ya mavuno, wakati kati yenu kuna meza tu. Mkisubiri kufahamiana penye gunia, kila mmoja atamjua mwenzake kwa upande wake wa ukali.

Kwenye chai hiyo uliza mambo mawili, taratibu, kama unayeuliza habari za watoto. La kwanza: mizani imehakikiwa lini na Wakala wa Vipimo, na stika iko wapi? La pili: ananunua kwa kilo au anataka lumbesa? Akitaja lumbesa, yaani gunia lililovimba shingo kama lina matubwitubwi, mwache amalize chai, msindikize hadi barabarani, zungumzeni mvua. Mbaazi zako zitafute mlango mwingine. Akitaja kilo, mwongezee andazi. Na kama msimu huo mbaazi zinakwenda kwa stakabadhi ghalani, basi atakutana nazo mnadani kama wanunuzi wenzake, na chai yenu itabaki chai.

Siku ya kuuza, uza mchana kweupe, na birika liwe jikoni. Ukizichanganya chai na mizani utakuta umeuza ukarimu wako kwa kilo.

*Bibi, jirani yangu mpya anakaanga samaki. Nimemsalimia Kirangi, kanyamaza. Nimejaribu Kiiraqw cha kubahatisha, kacheka. Kiswahili anajibu "poa" tu. Nitamjuaje mtu kama sijui hata kabila lake?*
*Mdadisi, Nangara*

Mdadisi, kwa swali hilo umekosea mji. Kirangi na Kimbugwe ni Kibantu. Kigorowa na Kiiraqw ni Kikushi. Kidatoga cha Wabarbaig ni Kiniloti. Ukishuka kusini, kupita Kondoa, unawakuta Wasandawe na lugha yao yenye vidoko, ambayo haina undugu na yoyote kati ya hizo. Wasomi wa lugha hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kusikiliza mchanganyiko huu. Wewe unaupata kwa bei ya perege mmoja na bado unanung'unika.

Kabila liache. Muulize kazi. "Leo ni kambale au perege?" "Wametoka ziwani asubuhi, au ni wa jana?" Mtu anaweza kukuficha kwao, lakini kazi yake hawezi kuificha, inanukia mtaa mzima. Wiki ya kwanza mtazungumza samaki. Wiki ya pili atakuambia mafuta yamepanda. Ya tatu atakuambia kilichomtoa alikotoka, nawe hutakuwa umeuliza.

Ila chagua wakati. Usimhoji mafuta yakiwa yamechemka na foleni imefika barabarani. Hata viboko wa Ziwa Babati, wenyeji wa zamani kuliko sisi sote, wanajua saa ya kutembelea watu: hutoka usiku, biashara zimefungwa. Tatizo lao ni kwamba wakishafika hula mashamba ya watu na kuondoka bila kulipa. Hapo usiwaige.

*Shikamoo bibi. Mimi ni mgeni, nimefungua mashine ya kusaga na kukoboa mwezi uliopita. Majirani wamenipokea vizuri, isipokuwa mmoja. Kati ya mashine na nyumba yake kuna ua wa michongoma. Kila nikiwasha mota naona jicho. Nikisema "shikamoo", michongoma inatikisika na jicho linaondoka. Mahindi yake anayapeleka kusaga Bagara kwa bodaboda, na nauli yake inazidi gharama ya kusaga. Nimemwekea pumba za kuku wake pembeni ya ua, hazijachukuliwa. Nimemkosea nini?*
*Mwenye Mashine (mtaa nimeuhifadhi)*

Mwenye Mashine, barua yako nimeisoma mara tatu, mbili kati ya hizo bila miwani, nikitumaini itabadilika.

Huenda bibi huyo ana sababu zake. Huenda alizoea mchana wa kimya, kuku akitaga anasikia. Huenda vumbi la unga limeipaka michongoma yake mpaka kila asubuhi inaamka na mvi. Huenda alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuulizia zile kanuni za kelele za 2015, akaulizwa, "Bibi, umeshaongea na mwenyewe?" akaaga haraka akisema ameacha maharage jikoni. Na huenda, nasema huenda, alikaa ndani akisubiri mgeni aje kujitambulisha kwanza, kwa kuwa yeye ni mkubwa, asitambue kwamba ile shikamoo ya kila asubuhi ndiyo hodi yenyewe.

Ningeweza kumshauri niliyowashauri wenzake hapo juu: asikwepe duka la jirani, anywe chai kabla ya gunia, aulize kazi kabla ya kabila. Lakini bibi wa namna hiyo huwa hasomi safu. Anaandika.

Basi mwanangu, Jumamosi niwekee nafasi. Naleta debe la mahindi, nusu nisagie dona, nusu koboa nipate sembe. Nitalipa bei kamili; ukinipunguzia kwa ajili ya ujirani nitanuna upya. Pumba nitachukua, kuku wangu hawajawahi kugombana na mtu. Jioni ukizima mota vuka upande huu, chai itakuwepo, maana kwa ngurumo ile hata tukipatana hatutasikiana.

Halafu kuna deni. Nimehesabu nyuma ya michongoma: umenisalimia mara 23, na mimi huwashauri watu wasikae na madeni ya jirani. Marahaba. Marahaba. Marahaba, mwanangu. Zilizobaki 20 nitazileta pamoja na debe.