Jua la Rubavu, Mpira wa Huye

Kwa baba yangu mdogo, mkulima wa Buleusa kule Walikale, vakansi ni jua, ziwa na mpira wa uwanjani. Kikikosekana kimoja, anasema, mtu angebaki kwake apalilie mihogo. Mjini madai hayo ni madogo. Kule milimani, ambako ukungu huingia hadi jikoni bila hodi, Léopards, timu yetu ya taifa ya Congo, huwafikia watu kwa redio, na betri zake huanikwa uani kando ya maharage ili zipate nguvu kidogo. Mawingu yakikaa siku mbili, kipindi cha pili hakisikiki.

Kwa hiyo aliposikia kwamba mashindano ya mpira ya CHAN ya 2016 yatachezwa Rwanda, na kwamba Rubavu ni mmoja wa miji ya mechi, alipanda kile kilima chenye mtandao na kunipigia simu Goma.

“Kijana, Rubavu si ndiyo Gisenyi?”

“Ndiyo, baba mdogo.”

“Basi tandika kitanda.”

Hesabu yake ilikuwa safi. Uwanja wa Umuganda uko jirani kabisa na mpaka, ufuko wa Ziwa Kivu uko palepale, na Januari mvua hupunguza hasira. Tena mashindano hayo ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu, yaani vijana wetu wenyewe wa Mazembe na V.Club, na kombe la kwanza kabisa, la 2009, tulilichukua sisi. Ni nani angetupeleka mbali na Goma?

Droo ilitupeleka. Novemba 2015 Léopards waliwekwa kundi moja na Angola, Cameroon na Ethiopia, wakapangiwa Huye, kusini mwa Rwanda, upande wa pili wa nchi. Rubavu ikapewa Zambia, Uganda, Mali na Zimbabwe. Nilimpigia nikamshauri aahirishe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mbuzi ameshauzwa,” na simu ikakatika.

Mwezi ule wa Januari kwetu haukuwa wa mzaha. Njia ya Miriki na Luofu ilikuwa na habari mbaya, na watu waliulizana hali ya barabara kabla ya kusalimiana. Alikuja hivyo hivyo: moto, yaani pikipiki, hadi Kanyabayonga, kisha basi lililoshuka bondeni na kukata mbuga kupitia Rwindi, abiria wote kimya kama wako kanisani. Kituoni Goma alishuka amevaa miwani ya jua na kofia pana ya majani ambayo nina hakika ni ya mama mdogo. Begi lilikuwa linadondosha kitu chekundu.

Lilikuwa bidoni la mawese, zawadi yetu. Kifuniko kilikuwa kimechoka safari mapema kuliko mwenyewe. Jezi ya Léopards, ya buluu, aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, ilikuwa imekunywa karibu nusu lita. Mke wangu aliifua kwa sabuni na maji ya moto, akaianika, akaifua tena. Ilitoka na buluu, nyekundu na manjano: rangi zote za bendera ya taifa, ila bila mpangilio. Aliivaa.

Tarehe 19 Januari, siku ya Mali na Uganda, tulifika mpakani, Petite Barrière, mapema. Mimi nilipata jetoni yangu ya kuvukia kama mkazi yeyote wa Goma. Afisa aliigeuza kadi ya baba mdogo ya mpiga kura, akasoma “Walikale”, akatazama jezi, akasoma tena. Jetoni ni ya watu wa hapa mpakani, akasema. Wa mbali watafute karatasi ya safari. Karatasi ilitaka picha, picha ilitaka studio, na mpiga picha alitaka miwani ivuliwe. Hapo palikuwa na mjadala. Tulipoketi uwanjani kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha, na mvua, ile iliyopunguza hasira, ilikuwa inamalizia zilizobaki. Kofia ya majani ilivimba kisha ikalala masikioni. Baba mdogo alichagua Uganda kwa sababu vitenge vya mkewe vinatoka Kampala, akawashangilia kama wajomba zake. Ikaisha 2-2, akahesabu kuwa ni ushindi.

Jua lenyewe lilitoka tarehe 21. Ni siku ambayo Rubavu hapakuwa na mechi, na Léopards walikuwa Huye wakimenyana na Angola. Tulikwenda ufukoni. Ziwa lilikuwa shwari, watoto wanaogelea bila wasiwasi, maana Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko. Baba mdogo alikaa mchangani na sahani ya samaki wa sambaza, ameligeuzia ziwa mgongo, redio sikioni. Siku hiyo tulifunga mabao 4 kwa 2. Kila bao la kwetu aliruka akipiga mayowe na kuonyesha kusini, na kusini kulikuwa na maji. Kwa bao moja, kijana mwenye koti la kuokolea watu alitupa viatu akaingia ziwani mbio. Tulimpa sambaza zilizobaki.

Baadaye pesa ya mbuzi iliisha na maharage yalikuwa yanamngoja. Alirudi Buleusa. Kwa hiyo robo fainali ya Kigali, tulipowatoa wenyeji Rwanda 2-1 katika dakika za nyongeza, na fainali ya tarehe 7 Februari, Mali 0 Congo 3, Meschack Elia akifunga mawili, zote alizipata kwa betri zake. Goma watu walilala barabarani kwa furaha. Yeye alinipigia kutoka kilimani kuuliza kama jezi za mabingwa zimepanda bei, maana ana moja.

CHAN iliyofuata, ya 2018, ilikuwa imepewa Kenya. Alianza kupanga Nairobi, kisha treni mpya hadi Mombasa, bahari kabisa. Mwaka 2017 Congo tuliondolewa katika kufuzu na majirani zetu wa Brazzaville. Hakutetereka, mpira ni mpira, alisema, na bahari haijaondolewa. Muda mfupi baadaye Kenya ikanyang’anywa uenyeji, mashindano yakahamishiwa Morocco. Nilimpigia kumpa pole. Akaniambia ngoja, akachukua atlasi ya shule ya binti yake, nikamsikia akifungua kurasa huku akipima kwa vidole na kunong’ona majina ya nchi.

“Hapa,” alisema hatimaye, “moto haifiki.”