Andika Mara Moja, Tafuta Kompyuta Tatu

Sun Microsystems walipoitoa lugha ya Java mwaka 1995, waliwaahidi waandishi wa programu pepo ya duniani: andika mara moja, endesha popote. Windows, Mac, Linux, zote sawa. Watani hawakukawia, kauli ikageuzwa kuwa andika mara moja, saka hitilafu kila mahali.

Basi zana ikaja. Java 16, mwaka 2021, ilileta jpackage iliyokamilika, ya kufunga programu yako pamoja na mashine ya Java inayoiendesha, mteja abofye tu. Hongera kwa walioitengeneza. Ila ukitaka faili la .exe, sharti zana hiyo uiendeshe ndani ya Windows, tena usakinishe zana nyingine, WiX, kwanza. La .dmg? Tafuta Mac. La .deb? Karibu Linux. Yaani lugha isiyobagua mifumo imezaa kifungashio kisichovuka mpaka hata ukikipigia magoti.

Na hiyo Mac ukishaipata (ya kuazima, bila shaka), Apple wanakungoja na ada ya dola 99 kwa mwaka, ili programu yako isipokewe kama mwizi. Halafu ile "Habari, Dunia" yako, mstari mmoja tu, inatoka na makumi ya megabaiti, kama bibi harusi aliyehamia kwa mumewe na nyumba nzima ya wazazi.

Msimbo, kweli, umeandikwa mara moja. Hilo tusiwanyime. Mengineyo, mteja wa Mac akipiga simu, mwambie atumie Windows.