Mkono wa Kulia

Shati hili nililinunua Njombe, mwezi wa saba, kwenye mitumba, baada ya kushuka kwenye basi na fulana tu kama mtu aliyefukuzwa kwake usiku. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haina adabu. Muuzaji aliniona ninavyotetemeka, akapandisha bei. Nibishane vipi, na meno yanagongana?

Lilikuwa la drafti, jekundu na jeusi, flaneli ya pamba. Huko kiwandani kitambaa kikishafumwa hupitishwa kwenye roli zenye visindano vya waya, vinakichokonoa mpaka vinyweleo visimame. Vinyweleo hukamata hewa, hewa hutunza joto. Nilipolivaa niliona kama nimekumbatiwa na paka.

Ajabu ni kwamba hata neno fulana limetokana na hiyohiyo flaneli ya Waingereza. Fulana yangu ilirithi jina, joto ikaliacha hukohuko.

Kosa langu ni kurudi nalo Dar es Salaam, ambako hata shuka ni mzigo. Likatundikwa nyuma ya mlango, na katika nyumba yetu nguo isiyovaliwa ni mali ya umma.

Alianza mama mkwe, aliyekuja kulea mjukuu. "Baba Tunu, kitambaa laini hivi kinakaa bure?" Mkasi ukapita kwenye mkono wa kushoto, tukapata vitambaa vya kumfutia mtoto akicheua. Mkwe habishiwi. Nikasema, "Sawa, mama," huku roho inaniuma. Wiki iliyofuata mgongo wote ukawa nepi, na lazima niseme ukweli: flaneli inanyonya.

Jirani yetu wa bodaboda akaomba kipande cha kung'arishia tangi, eti hakikwaruzi rangi. Akapewa upande mzima wa kifua, wenye mfuko! Mimi nilichana kidogo tu kwenye pindo, nifutie miwani. Hicho hakihesabiki.

Sasa nimeitwa Njombe kwenye harusi, na kalenda inasema Julai.

"Mama Tunu, lile shati langu la baridi liko wapi?"

"Lipo, mbona. Nimelifua, nikalipiga na pasi."

Akaniletea kola, vifungo vitano na mkono wa kulia, vimekunjwa vizuri sana.