Barua ya Wazi kwa Sako Iliyopiga Marufuku Ritifaa

Kwa Mkuu wa Mifumo,

Jina la sako yenu nalihifadhi kwa heshima, ijapokuwa langu mmelikataa.

Naitwa Lang'at. Huku Kericho na Bomet tumejaa: kina Lang'at, Ng'eno, Ng'etich, Kipng'eno. Nilipojisajili kwenye tovuti yenu, skrini ilijaa Kiingereza: kuna kosa la sintaksia karibu na "at". Kumbe nusu ya kwanza ya jina ilipokewa kama jina, na nusu ya pili ikachukuliwa kuwa amri. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuamrisha mtambo.

Katika SQL, lugha ya hifadhidata, ritifaa, ile alama (') iliyo katika jina langu, huonyesha maandishi yanapoanza na yanapokoma. Programu yenu huchukua alichoandika mgeni na kukipachika katikati ya amri yake hivyo hivyo kilivyo. Mimi nilitia ritifaa ya ukoo. Mwizi akiitia, huongeza sharti lililo kweli siku zote, kwamba 1 ni sawa na 1, na hifadhidata humfunulia daftari zima: vitambulisho, hisa, bonasi za majani ya chai, na siri ya nani anadaiwa nini.

Niliwaarifu. Mkachukua hatua, hongereni: mkapiga marufuku ritifaa. Lakini ukaguzi wenu unafanyika kwenye kivinjari changu; mwizi hutuma ombi lake moja kwa moja kwa seva, ukurasa wenu hauoni. Aliyezuiwa ni Lang'at peke yake. Hata dhamana ya mkopo haikubali tena ng'ombe. Jirani yangu ameweka rehani mbuzi watano, wenye maziwa ya kushangaza.

Siku mkija huku kupiga picha mashambani, simameni kwenye kituo cha kununulia majani. Mkulima akisema ana kilo 40, karani humsikiliza kwa adabu. Mizani ndiyo inayoamua. Programu nzuri hufanya vivyo hivyo: amri hutangulia, nafasi ya jina ikiachwa wazi, kisha jina huletwa peke yake na kubaki jina, hata liwe na ritifaa kumi.

Udhaifu huu ulielezwa mwaka 1998 katika jarida la wadukuzi, Phrack. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk, Uingereza, iliingiliwa kwa mlango huu huu, data za wateja wapatao 157,000 zikachukuliwa, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya pauni 400,000. Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nadhani inapatikana hata kwenye kivinjari chenu.

Kwa sasa mfumo unamjua Langat, kitambulisho kinamjua Lang'at, na benki inasema hao ni watu wawili. Bonasi imekwama kati yao. Ikiwa lazima mmoja afutwe, tuambieni mapema ni yupi, maana mmoja wetu ndiye aliyekopa.

Ni sisi,
Lang'at na Langat, wakulima wa chai