Namna ya Kuliondoa Boksi Jeusi Nyuma ya Jani

Una meza ya matangazo karibu na stendi ya Same. Mama mmoja wa Mamba Miamba anataka majani ya tangawizi yapepee mbele ya ukungu wa Shengena. Video ya ukungu anayo mwanawe aliyeko Dar, naye ndiye atakayeunganisha. Kazi yako ni majani tu, na nyuma yake pawe patupu. Mjibu hivi: "Mama, hiyo ndogo, njoo saa kumi." Onyo: siku usiitaje.

Chagua injini ya kuzalisha picha. Blender, programu ya picha za 3D, inakupa Eevee, iliyoingia na toleo la 2.80 mwaka 2019, ambayo inakimbia. Na Cycles, inayofuatilia miale ya mwanga kwa subira ya wazee wa baraza la ardhi. Kanuni isiyoandikwa popote: mteja unamwahidi Cycles, kazi unaifanya kwa Eevee. Laptopu yako haina kadi ya grafiki, na mchana wa Same unaujua. Onyo: jani lililotoka safi kwenye Cycles linaweza kugeuka boksi jeusi kwenye Eevee, na kompyuta isiseme neno.

Usipaniki. Kabla ya toleo la 4.2, Eevee huhesabu kila kitu kuwa kigumu hadi uiambie vingine. Ingia kwenye mipangilio ya materiali, tafuta "Blend Mode", toa "Opaque", weka "Alpha Clip". Utashawishika kuweka "Alpha Blend" kwa sababu jina lake linapendeza; weka, uone jani la nyuma likipita mbele. Kisha likaja toleo la 4.2, Julai 2024, likaifuta menyu hiyo na kuleta "Render Method". Onyo: mwalimu wa video unayoifuata alirekodi zamani, na anabonyeza kitufe ambacho wewe huna.

Sasa utarudi Cycles, kama warudivyo wote. Huko jani halihitaji kibali. Ila kwa mpangilio wa kawaida mwale hupenya nyuso angavu 8, basi; kinachofuata ni giza. Shamba lililostawi lina majani zaidi ya hayo. Ongeza namba ya "Transparent" kwenye "Light Paths". Usiichanganye na "Transparent" ya kwenye "Film", inayofuta anga nyuma ya kila kitu. Hiyo nayo washa, kwa injini zote mbili. Onyo: utawasha moja.

Hifadhi kwa PNG, na uchague RGBA. RGB inaiacha alfa, yaani ule uwazi, mlangoni. JPEG haina alfa kabisa, na MP4 ya H.264 haiibebi. Utachagua MP4.

Mwisho, tuma sampuli Dar. Ukiituma WhatsApp kama picha, itageuzwa JPEG na kufika na ukuta nyuma yake, baada ya jasho lote hilo. Itume kama dokumenti. Kijana ataifungua, apige picha ya skrini, amtumie mama yake hiyo.

Saa kumi ikifika na boksi bado lipo, lifunike kwa namba ya simu ya mama, tarakimu nyekundu, nene. Ataipenda kuliko majani.